Tangazo la mhadhiri lisiishie kwenye grupu

Tangu nije Ujerumani kusoma shahada ya uzamili, sina namba ya simu ya mhadhiri hata mmoja. Tanzania nilikuwa nazo karibu zote. Kule kozi ikianza tu, CR, yaani mwakilishi wa darasa, anafungua grupu la WhatsApp, mhadhiri anaunganishwa, na kila kitu kinapita humo: madesa (notsi za somo), ukumbi uliobadilishwa, kipindi kilichoahirishwa, tarehe ya tesiti. Grupu moja siku hizi linaingiza hadi watu 1,024, kwa hiyo hata umati wa mwaka wa kwanza unaenea.

Huku kuna Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni), barua pepe ya chuo na saa maalumu za kumwona mhadhiri ofisini. Ukikwama usiku, unalala na swali lako. Hilo silisifii hata kidogo. Kule mhadhiri akijibu kwa sauti ya dakika mbili, wote waliokwama palepale wanamsikia, hata yule mwenye aibu ya kunyoosha mkono darasani.

Wanaoniuma ni wale ambao grupu haliwafikii. Aliyefeli somo mwaka jana na sasa analirudia hayumo kwenye grupu la mwaka huu. Aliyeishiwa bando anafungua simu kesho yake na kukuta mlima wa salamu na stika, na katikati yake taarifa kwamba tesiti imesogezwa, inafanyika leo asubuhi. Akilalamika anaambiwa, “Si ilitangazwa kwenye grupu?” Ilitangazwa kwenye simu za watu binafsi, mahali ambapo chuo hakina kumbukumbu yoyote. Ujumbe ukifutwa, atakata rufaa kwa ushahidi gani?

Halafu kuna suala la namba. Kwa kawaida ukiwa ndani ya grupu, namba yako inaonekana na kila aliyemo. Binti anajiunga kwa ajili ya masomo, usiku anaanza kupokea meseji za watu asiowajua. Meseji ikitoka kwa yule anayemsahihishia mtihani, atathubutu vipi kutojibu? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inavifanya vyuo vya huku viwe waangalifu na namba za wanafunzi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo vyuo vyetu vina pa kuanzia.

Magrupu yabaki, yanasaidia mno. Ila kila kinachogusa alama, tarehe na mitihani kiwekwe kwanza kwenye mfumo wa chuo na ubao wa idara, ndipo CR akisambaze. Mwanafunzi anayeulizia alama zake aandike kwa barua pepe ya chuo, na ajibiwe hukohuko. Nao wahadhiri wa huku ningewaomba wafungue ndani ya Moodle jukwaa la maswali, wapite kujibu kila siku ya kazi, na sisi wanafunzi turuhusiwe kujibizana.