Mbona kina Grace wa Nyanza hawamo?
Mhariri, makala yenu ya kina Grace waliovuma duniani imewataja Grace Kelly wa Monaco na Grace Hopper, gwiji wa kompyuta wa Marekani. Ni sawa, lakini sisi wa Kisumu imetuuma. Mama Grace Onyango, mwalimu, alivaa mkufu wa meya wa mji huu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza Kenya nzima. Mwaka 1969 wapiga kura wakampeleka bungeni, na huko pia hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa kabla yake! Tena enzi zile, si hizi za viti maalumu. Naye Grace Ogot, muuguzi kutoka Asembo, alitoa riwaya mwaka 1966, akaandika na kwa Dholuo, baadaye akawa mbunge wa Gem. Tafadhali waongezeni, na picha zao muziweke.