Mpiga Dramu Akishuka Jukwaani

Wanamuziki wa Nairobi wakimwona mpiga dramu akisimamia mitambo ya sauti, au akifundisha watoto Jumamosi, huanza kunong'ona. Kwani bendi imemtema? Kazi ya pembeni wanaichukulia kuwa dalili ya kushindwa. Wana hoja, na nitaifikia, ila sidhani wamewahi kuzipigia pesa hesabu.

Chukua wimbo uliorekodiwa. Ukichezwa redioni, haki zake zina mafungu: la watunzi, ambalo kwa miaka mingi lilikusanywa na chama cha MCSK, la wenye rekodi, lililokusanywa na KAMP, na la watumbuizaji, lililokusanywa na PRISK. Vyama hivi na leseni zao vimezozaniwa sana, lakini mgawanyo ndio huo. Mpiga dramu, hata kama ndiye aliyebuni mdundo unaowainua watu vitini, kwa kawaida hahesabiwi mtunzi. Mtunzi ni mwenye maneno na melodi. Kwa mpiga dramu limebaki fungu la watumbuizaji, nalo ni mpaka awe amejisajili na jina lake liwe limeandikwa kwenye taarifa za rekodi. Wengi hawana habari. Analipwa taslimu studioni, anashukuru, anapanda matatu. Wimbo ukidumu miaka 20, malipo yake yaliishia jioni ile. Na sasa prodyuza ana ngoma zote kwenye kompyuta, hata jioni yenyewe ni ya kubahatisha.

Huyohuyo akijifunza kupanga midundo kwenye kompyuta, akaandikiana mgao wa haki za wimbo na mwimbaji kabla ya kurekodi, anaingia fungu la watunzi kwa kipaji kilekile.

Kwenye mitambo nako anafaa. Snea, ile ngoma yenye nyaya upande wa chini, ikitetema yenyewe kwa kelele kila besi inapogonga, fundi asiyejua ngoma atahangaika na vitufe. Aliyewahi kuikalia hupanda jukwaani, akalegeza skrubu mbili kando ya nyaya za chini, akashuka. Kuna pia ufundishaji: mitihani ya Trinity College London ina madaraja ya dramu hadi la 8, na mwalimu anayesoma noti hulipwa kwa muhula. Januari, shoo za Desemba zikiwa zimekauka na Njaanuari imebisha hodi, ndipo shule zinafunguliwa.

Wanaopinga wanasema kazi hizi zote huletwa na jukwaa, kwa sababu simu humfuata aliyesikika juzi. Ni kweli. Fundi mitambo hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Mkono unakosa mazoezi na jina linafifia. Anayeacha kupiga kabisa atakuwa fundi kama mafundi wengine, tena aliyechelewa kuanza. Kwa hiyo asiache kupiga kwenye ibada ya Jumapili, hata kama bahasha yake ni nyembamba. Ila karatasi ya mgao aiombe kabla hajashika vijiti, maana wimbo ukishavuma hakuna atakayekumbuka nani alipiga.