Eti "hii si ni taa tu"

Jumamosi nilimsindikiza mpwa wangu kwenye maonyesho ya shule hapa Kigoma mjini, yuko kidato cha pili, kabeba roboti yake ya magurudumu mawili, mwili wa boksi, juu kafunga bodi ya Arduino, yaani kikompyuta kidogo cha kuendeshea vitu, na taa moja nyekundu ya LED. Akaanza na taa kabla ya kuitembeza. Ikawaka sekunde moja, ikazima sekunde moja, ikawaka tena. Mgeni mmoja, mtu mzima kabisa, akatazama akasema "hii si ni taa tu, roboti yenyewe iko wapi?" akapita zake. Mtoto akainamisha kichwa. Mpaka leo nikiikumbuka ile sura roho inaniuma.

Jamani ile taa haina swichi. Mtoto kaiambia bodi pini namba 13, yaani tundu la waya lenye namba hiyo, itoe umeme, isubiri milisekunde 1000, ikate, isubiri tena 1000, alafu irudi mwanzo bila kuchoka mpaka betri iishe. Ni mistari minne ya kodi, yaani maandishi ya programu, lakini humo kuna mpangilio wa amri, kuna muda, kuna marudio. Mara ya kwanza alisahau ile subira ya pili, taa ikawa inawaka moja kwa moja, akaniita "mjomba imeharibika", kumbe inazima kweli ila kwa muda mfupi mno jicho haliwahi. Hapo ndipo alipoelewa kompyuta inafanya ulichoandika, sio ulichokuwa unawaza. Kwenye daftari alishakariri maana ya programu na swali akapata, lakini hilo hakulijua.

Na rizista ya ohm 220, kile kidude cha kupunguza umeme, aliipachika mwenyewe, kwasababu bodi inatoa volti 5 na taa nyekundu inataka kama 2 tu.

Sasa ishu kubwa ambayo mgeni hakuisubiri. Roboti haina mdomo wala skrini, ikigoma unajuaje inaumwa wapi? Mwezi uliopita hii yake ilikuwa inasogea kidogo inasimama, inasogea inasimama, tukahangaika na kodi usiku mzima, tukafuta tukaandika upya, wapi. Akapata wazo, akaweka taa ipepese mara tatu haraka pale mwanzo kabisa wa programu, kabla mota hazijaguswa. Tukaiachia sakafuni. Kila ikistuka kusimama taa inapepesa tatu! Yaani bodi ilikuwa inazimia na kuamka upya kila mara, kwasababu mota zikianza zinavuta umeme mwingi mpaka volti inashuka. Kodi haikuwa na kosa lolote. Tukazipa mota betri zake, bodi ya kwake, waya za hasi tukaziunganisha pamoja, ikatembea chumba kizima. Aliyetuambia ugonjwa ni hiyo hiyo "taa tu".

Na sisi watu wa ziwa ndio tungekuwa wa mwisho kudharau taa. Simama ufukweni Kibirizi usiku wa giza uangalie taa za wavuvi wa dagaa kule ndani, humuoni mtu, husikii sauti, lakini unajua mitumbwi iko wapi na kazi inaendelea.

Sawa, nakubali mtoto asikae kwenye taa mwaka mzima, na bodi ni hela, darasa zima kugombania moja ni shida ya kweli. Lakini mtu mzima ukiona mtoto kaleta kitu alichokiunda kwa mikono yake muulize "umefanyaje?", neno moja hilo halikugharimu kitu, yeye atakueleza mpaka uchoke.

Jana jioni kaja kwangu, shikamoo haijaisha vizuri, "mjomba nataka iwake polepole kama jua linavyochomoza, sio kustuka." Nikamwambia pini 13 ya bodi yako haiwezi hiyo, hamishia waya pini 9, kule unaipa namba kuanzia 0, imezima, mpaka 255, inawaka kabisa. Mpaka saa nne usiku alikuwa bado anaipandisha namba moja moja.