Mama Mkwe, Chogo na Bluu ya Bluu

Nianze kwa kukiri kwamba runinga haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mkwe, chogo ya inchi 21, ile runinga ya zamani yenye kisogo kirefu, ambayo ukiibeba peke yako kesho yake unaamkia dawa ya kuchua mgongo. Majirani zake wote pale Mbagala walishahamia flati, yeye akagoma. "Hizo bapa zenu," alisema, "paka akipita tu zinaanguka."

Nami nilikuwa na sababu zangu za kuiombea chogo ile maisha marefu. Mjomba wangu, aliyesoma Ujerumani Magharibi miaka ya 1980, aliniachia Commodore 64 yake. Ni kompyuta iliyotoka mwaka 1982, mwili wote umo ndani ya kibodi, kumbukumbu kilobaiti 64, rangi 16. Wajerumani waliibandika jina la sanduku la mkate, na kweli ukiiweka mezani mgeni atatafuta mahali pa kuifunulia. Kwenye flati yangu picha yake ilitoka kama imechorwa kwa chaki iliyolowa. Mashine ya zamani inataka kioo cha zamani. Tena ile ya Ujerumani hutoa picha kwa mfumo wa PAL na chogo ya mama mkwe ni ya PAL hiyo hiyo, kwa hiyo ndoa ilikuwa halali kabisa.

Kikwazo kikawa tundu. Chogo ilikuwa na tundu moja tu la njano la kuingizia picha, nalo lilishikwa na king'amuzi, kama chogo nyingi za Dar tangu mitambo ya analojia ilipozimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Kila mara kuchomoa nyaya za mama mkwe niliona si adabu. Nikaenda Kariakoo nikanunua kile kiunganishi chenye matawi mawili, nikakibatiza jina la Pacha: king'amuzi tawi hili, kompyuta tawi lile, shina kwenye runinga. Nikajipongeza kwa soda baridi, nikarudi kwangu.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, mama mkwe akaenda kwenye kikoba. Hapo huwa harudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Nyumbani kabaki mtoto wa shemeji yangu, miaka minane, ambaye huniita Baba Mkubwa na huamini najua kila kitu. Nikawasha kompyuta.

Picha ikaja imefifia, kama naitazama kupitia chandarua. Sasa, anayeijua Commodore anajua kwamba ikiwaka inakuletea maandishi ya samawati juu ya bluu, ikikutangazia kuwa zimebaki baiti 38911 za BASIC, lugha yake ya kuipa amri. Hata ikiwa nzima ya afya ni bluu juu ya bluu! Mwenye akili angeandika amri ya POKE 53281,0 apate weusi nyuma, kisha POKE 646,1 maandishi yawe meupe, ndipo ahukumu. Mimi nilikimbilia rimoti. Kontrasti mpaka mwisho. Mgonjwa hakuamka. Nikasafisha tundu la kompyuta kwa spiriti, nikapima adapta kwa mita, maana zile adapta zikizeeka hupandisha umeme zikaua chipu. Volti 5, safi. Basi mwenye kosa ni runinga. Nikatoa bisibisi.

Ndani ya chogo nilikuta vumbi la awamu tatu za urais, na ule waya mnene wenye kofia ya mpira unaopeleka kwenye kioo volti zaidi ya 20,000. Umeme ule huweza kubaki humo hata ukiwa umeshachomoa plagi ukutani. Mafundi wana kanuni: runinga ikiwa wazi, mkono mmoja mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kwenda mkono wa pili. Kaptula yangu haikuwa na mfuko. Nikaweka mkono mgongoni kama mwalimu mkuu anayekagua kucha.

Kwenye transfoma ile ya umeme mkubwa, flaibeki, kuna vifundo viwili vya kuzungusha. Kimoja kimeandikwa FOCUS, kingine SCREEN. Hicho cha SCREEN kimeponza wengi. Ukikipandisha kioo kinang'aa, unadhani umepata kontrasti, kumbe umeinua kila kitu kwa pamoja na weusi wako umegeuka kijivu. Nilikuwa nalijua hilo. Nilishalisoma. Lakini mtu akishashika bisibisi, anachokijua na anachokifanya havikai chumba kimoja.

Nikaweka alama ya penseli pale kilipokuwa, ili niweze kukirudisha. Kwa kuwa niko nyuma na kioo kiko mbele, nikamteua mtoto awe macho yangu.

"Ikoje?"

"Bluu."

"Bluu ya namna gani?"

"Bluu ya bluu."

Nikazungusha kidogo. "Sasa?"

"Bluu iliyofuliwa."

"Na maandishi?"

"Yapo." Akanyamaza. "Baba Mkubwa, mvua inanyesha."

Nikachungulia. Mistari myeupe myembamba ilikuwa inapita mshazari kioo kizima. Ni njia ya mwonzi unaporudi juu kuanza picha upya, ambayo runinga yenye staha huificha. Nikageuka haraka nikirudishe kifundo kwenye alama. Alama haikuwepo. Dole gumba langu lenye jasho lilikuwa limeifuta.

Ndipo mlango ukafunguka. Kikoba kilivunjika mapema, mweka hazina hakutokea.

"Shikamoo, mama," nilisema, mkono ungali mgongoni, singlendi ina rangi ya buibui.

"Marahaba." Akanitazama. Akaitazama runinga yake ikiwa utupu mbele ya watu. Mimi na mama huyu, tangu nitoe mahari, hatujawahi hata kula meza moja, leo kanikuta nimemvua runinga nguo.

"Mkwe," alisema polepole, "hicho king'amuzi nimekilipia juzi."

Akapita, akashika waya wa njano wa king'amuzi, akauchomoa kwenye Pacha, akakikumbatia kama mtoto aliyeokolewa kisimani.

Chumba kikawaka.

"Jua!" mtoto alipiga kelele. Kioo kilikuwa kinamulika mpaka kwenye kabati la vyombo. Nikabaki na bisibisi hewani, akili ikianza kunirudia kwa mafungu. Ishara ya video imepangiwa kukuta mzigo mmoja wa ukinzani wa omu 75 upande wa pili. Pacha wangu aliipa miwili: runinga, na king'amuzi kilicholala na taa yake nyekundu, kikinyonya pembeni. Theluthi ya ishara ilikuwa inaishia humo. Runinga haikuwa na kosa. Kompyuta haikuwa na kosa. Mwizi nilimnunua mwenyewe Kariakoo, na chenji nikarudishiwa.

Kisha likanijia wazo la pili, baya zaidi. King'amuzi kilipokuwa kinafanya kazi, nani alikuwa ananyonya?

"Mama," niliuliza kwa sauti ya msibani, "hizi wiki mbili tamthilia ilikuwa inaonekanaje?"

"Giza tupu. Nikajua ni macho yangu." Akakaa, king'amuzi mapajani. "Leo nilikwenda kuomba mkopo wa miwani."

Nilimeza mate. "Mama, macho yako mazima. Ulikuwa ni waya."

"Waya gani?"

"Waya tu, mama."

Ile mvua niliirekebisha jioni, tamthilia yake ya Kituruki ilipoanza, Pacha akiwa tayari kwenye ndoo ya taka. Mimi nyuma ya chogo, mama mkwe mbele, na mtoto kashushwa cheo.

"Huyu binti si mweupe hivyo. Anaumwa? Punguza."

Nikapunguza.

"Umemzika. Rudisha."

Nikarudisha kwa unywele mmoja.

"Hapo. Nywele zake nyeusi, jino moja moja la kitana nalihesabu. Usiguse tena!"

Nimesoma maelekezo mengi ya kurekebisha chogo kwa vifaa vya bei mbaya. Hakuna hata kimoja kinachomjua yule binti kama mama mkwe, aliyemfuatilia tangu kipindi cha kwanza. Picha ikatoka safi kuliko siku yoyote niliyoiona.

Sikujua kwamba angelisimulia kikobani. Jumamosi iliyofuata nilipofika na sanduku langu la mkate kwapani, nilikuta chogo tatu zimepangwa barazani, kila moja na mwenyewe ameketi pembeni. Mtoto alikuwa ameshawasha ya kwanza, amesimama mbele yake, mkono mmoja mgongoni.

"Baba Mkubwa," alisema, "hii ni bluu."