Acheni kusifia mateso ya wasanii

Kuna jamaa kaweka kwenye grupu letu la WhatsApp stori ya mchoraji Picasso enzi za ujana wake Paris, anaishi kwenye lile jengo bovu la Montmartre, Bateau-Lavoir, bomba moja la maji watu wote, kipindi cha baridi ndani hakukaliki, inasemwa alikuwa anachoma michoro yake mwenyewe apate joto. Watu wakamwaga makofi, eti ndo maana akatoboa, wasanii wetu wa Bongo wanapenda mteremko. Nimekasirika mpaka leo.

Modigliani, mchoraji mwenzake, alikuwa mji huohuo, miaka hiyohiyo. TB ilimuua 1920 akiwa na miaka 35. Mbona huyo hamumtolei mfano?

Sisi huku baridi hatuna, tuna bati. Nenda kwa wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, mwezi wa pili saa nane mchana, umkute mtu kajikunja kwenye kigoda anaweka madoa ya chui, doa moja moja, fulana imemganda mgongoni, harufu ya thina inapanda kichwani, na feni hawezi kuwasha maana upepo unaleta vumbi na rangi ya mafuta bado mbichi, vumbi likinasa hapo kazi yote imeharibika. Masika ikiingia rangi inagoma kukauka, picha zinarundikana, mwenye nyumba anataka kodi yake. Halafu anakuja mteja kapaki gari la maana anasema "punguza bwana, si rangi tu hiyo". Rangi tu! Mafundi vinyago wa Mwenge nao na vumbi la mpingo kifuani, ni hivyohivyo.

Sawa, kuna kujinyima ambako msanii anajitakia, kukesha, kufuta kazi ya wiki nzima kwa sababu mkono wa mnyama haujakaa, kuacha ajira ndugu wakakununia. Hapo sibishi, bila hivyo kazi nzuri haitoki. Ila kukohoa na kudaiwa dukani kwa mangi hakuna aliyechagua, na hakuna picha iliyokuwa nzuri zaidi kwa sababu mchoraji alishindia chai. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza kwenye 1968 alichorea hardboard na rangi za mafuta maana ndo vitu vya bei aliyoimudu, na uzuri wa zile picha ulitoka kwenye jicho lake na mkono wake, umaskini haukushika brashi.

Kwahiyo ukipenda picha na hela haitoshi, omba ndogo zaidi, zipo. Ukiagiza, usitoe advansi ya elfu kumi ukapotea. Na nyie wa maduka ya zawadi mnaobeba picha za watu kwa mali kauli, mkishauza mpigieni mwenyewe siku hiyohiyo mumtumie hela yake, rangi imemuishia.