Bukta ilibaki kwenye boti, mimi nikabaki ziwani

Jamani kabla hamjanitumia tena ile voisi noti, nishaisikia. Nimeisikia mara nne, na mara ya mwisho kanisikilizisha bodaboda wa Mwanga hapa Kigoma ambaye hata hanijui, ananiambia "bro hebu sikia hii, kuna jamaa kavuliwa nguo na jini la ziwani pale Kibirizi". Jini! Hiyo sauti ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu kabisa, na siku hiyo alikuwa ndani ya boti, mita moja toka nilipo, anajua fika hakukuwa na jini wala nini. Kulikuwa na kamba nyekundu na bukta ya lastiki. Ngoja nisimulie mwenyewe.

Mnaonifuatilia toka mwanzo boti mnaijua, miezi kumi na minne mnaona picha za vumbi la faiba tukiijenga. Futi 30, tumbo la V kali ili ipasue wimbi badala ya kulipiga kofi, injini mbili za farasi 115. Lengo Kigoma mpaka Kasanga, kule kusini mwa Ziwa Tanganyika, bila kugusa nchi kavu, hapo ukinyoosha tu ni kama kilomita 430, na huko katikati hakuna sheli, hakuna fundi, kuna wewe na Mungu wako. Hesabu tukapiga: mwendo wa kilomita 50 kwa saa injini zote mbili zinakunywa kama lita 60 kila saa, kwa hiyo kwenda tu ni lita 500 na kitu, ongeza akiba ya upepo ukigeuka, tukafikia matangi ya lita 800. Na yapo katikati kabisa chini ya sakafu, tuligombana mwezi mzima mimi na Fundi juu ya hilo, maana ukiyaweka nyuma pua inanyanyuka kama mbwa anayeomba mfupa. Hata propela tulibadilisha. Zilizokuja toka Dar zilikuwa za baharini, ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, injini inapoteza nguvu kama asilimia 7, tukatafuta zenye pichi ndogo, yani zinazosukuma boti umbali mfupi kwa kila mzunguko ili injini isielemewe.

Nayasema yote haya mjue mimi sio mjinga. Lishikeni hilo, mbele litahitajika.

Sasa siku ya kujaribu. Kujaza lita 800 ni milioni mbili na ushee, nikasema siku ya majaribio nani ajaze, tukatia lita 80. Maana yake boti imepungukiwa uzito wa kilo 500 na zaidi, boti iliyochorwa kubeba mzigo sasa inaelea kama gamba la karanga. Fundi akaniambia tu kwa upole, "bosi, tutie viroba kumi vya mchanga." Nikamwambia Fundi, viroba? Kwenye picha? Watu wataona napeleka saruji Kagunga. Akaniangalia. Akasema "haya, boti yako".

Jambo la pili, ile kamba ya kuzimia injini. Kwa wasiojua, ni kamba nyekundu iliyojiviringa kama waya wa simu za zamani, upande mmoja ina klipu kwenye dashibodi, upande wa pili unajifunga wewe dereva, ukidondoka klipu inachomoka injini zote zinazima. Fundi akasema funga kwenye jaketi okozi. Nikajaribu, ikapita kifuani ikaziba jina la boti kwenye tisheti niliyoprinti. Nikaihamishia kwenye uzi wa bukta.

Mnanicheka sasa hivi. Chekeni, haijafika.

Ufukwe wa Kibirizi asubuhi ile ulijaa, kina mama wako kwenye chanja zao za dagaa, boti za abiria zinapakia, na mama mkwe wangu naye kafika, eti kaja kununua migebuka, lakini mimi najua kaja kuona kitu kilichofanya niuze kiwanja. Dogo wa video kakaa tayari. Nikatoka taratibu kama mtu mzima, nikaenda mbali kidogo, nikageuza, nikafungua gesi.

Aisee. Ilipaa. Yani tumbo linagusa maji kwa adabu tu. Nikabonyeza trimu pua ipande zaidi, ikaanza kudundadunda, Fundi nyuma anapiga kelele "shusha! shusha pua!" mimi nikadhani ananishangilia. Tunapita mbele ya watu. Nimesimama. Mkono mmoja uko kwenye usukani, na ule wa pili, ule ambao ungekuwa kwenye gesi, nikaunyanyua kuwapungia watu.

Hapo boti moja ya abiria ilikuwa ndo kwanza imetoka na mawimbi yake matatu yanakuja ubavuni. La kwanza niliruka nalo vizuri, nikatabasamu kabisa, kwenye video meno yanaonekana. La pili boti ikatua ubavu. La tatu mimi nilikuwa sipo.

Hewani nilipata muda wa kuwaza. Nakumbuka niliwaza "mbona naiona boti kwa nje". Kisha nikasikia kitu kinanivuta kiunoni, kamba imenyooka yote, na kati ya klipu na lastiki ya bukta, ya kwanza kukata tamaa ilikuwa lastiki. Bukta ikashuka kwenye mapaja, ikapita magotini, ikachukua na ndala moja, ikaenda zake. Ndipo klipu nayo ikachomoka na injini zikazima. (Hapa tuache utani kidogo, zisingezima boti tupu ile ingezunguka ikanirudia na propela mbili. Kamba ilifanya kazi yake, mwenye makosa ni mimi.)

Nikaibuka. Kimya. Boti imesimama mita 30 mbele, shemeji ananitafuta kwa macho, kisha anaangalia chini, anaokota bukta yangu ya bluu, anaichomeka kwenye upondo, anaipunga juu. Ufukwe mzima ukaona bukta kabla ya kuniona mimi.

Sasa jaketi okozi kazi yake ni kukuinua, na mimi kazi yangu ilikuwa kubaki chini, tukawa tunashindana. Na mnajua tunavyojisifia maji ya Tanganyika, masafi, unaona mpaka samaki chini? Siku hiyo nilitamani niwe kwenye Mto Msimbazi kule Dar, na tope lake.

Akaja mzee mmoja na mtumbwi na mjukuu wake. "Kijana, panda."

"Shikamoo mzee. Siwezi."

"Umevunjika?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nikanyamaza. Mzee akainama akaangalia ndani ya maji, akatulia, akamgeuzia mjukuu kichwa upande wa Kongo. "Angalia kule."

Wakapiga kasia mpaka ufukweni kutafuta nguo, wakaniacha naelea. Meli yetu ya Liemba ilizamishwa 1916 ikaibuliwa 1924, miaka yote hiyo chini na bado ina heshima zake. Mimi dakika kumi tu zimenimaliza. Ndala yangu ilifika nchi kavu kabla yangu.

Mzee akarudi na kanga. Nikajifunga humohumo majini, nikapanda, nikashuka Kibirizi nimevimba kifua kama niko harusini, na watu wananipisha njia wanasoma mgongoni. Mimi sijui wanasoma nini. Ni dogo wa video aliyenisomea baadaye akiwa amekaa chini analia kwa kicheko: MFICHA UCHI HAZAI.

Kanga ya nani? Ya mama mkwe. Kafungua moja kwenye doti yake, kampa mzee, kageuka kaangalia reli.

Mengine mafupi. Boti haina hata ufa, kesho yake tulitia viroba kumi, ikanyooka vizuri mpaka Ujiji na kurudi, kamba kwenye jaketi, hakuna aliyepiga picha. Shemeji bado anasema ni jini. Kanga imefuliwa, imepigwa pasi, iko kwenye mfuko mezani wiki ya pili sasa. Nimemwambia mke wangu ampelekee mama yake, anasema aliyeivaa aipeleke. Kama kuna anayeelekea Gungu, kwa mama mkwe huko, kesho naomba anicheki inboksi, nauli juu yangu.