Mkweche wa Kiingereza una raha yake bana

Kila ubishi wa magari ya spoti ya zamani ya Uingereza ukianza, lazima atatokea mtu na Jaguar E-Type yake. Sikatai, ile gari ilivyooneshwa Geneva mwaka 1961 watu walichanganyikiwa, na Malcolm Sayer aliyeichora alitokea kwenye kazi ya kuunda ndege kwa hiyo ile pua ndefu haikuja kwa bahati. Ila siku hizi E-Type imekuwa mali ya kufungia gereji. Mimi nipe MGB, gari ya spoti ya kampuni ya MG ya hukohuko Uingereza.

MGB ilianza 1962 pale Abingdon, kamji karibu na Oxford, ikatengenezwa mpaka 1980 kiwanda kikafungwa, na zilitoka zaidi ya laki tano. Injini silinda nne, cc 1798, nguvu ya farasi 95 hivi, yaani leo hata Vitz inaisogelea. Sasa utamu wenyewe ndo uko hapo. Unakaa chini kabisa karibu na lami, kioo cha mbele kifupi, juu wazi, upepo wote wako, ukifika 80 tu unajiona unapaa, wakati kwenye gari za kisasa mpaka uanze kusikia chochote trafiki ameshakupiga tochi zamani.

Halafu inatengenezeka na mtu yeyote mwenye spana na subira. Chukua kabureta, zile za kuchanganya hewa na petroli, ziko mbili, aina ya SU, zisipovuta hewa sawa gari inatetemeka ikiwa inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Unafungua chujio za hewa, unachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza ule mvumo, shhhh, unahamia ya pili, unazungusha skrubu kidogo, unarudi ya kwanza, hivyo hivyo mpaka zote zinavuma sauti moja. Hakuna cha kuchomeka kompyuta wala nini.

Inasumbua? Sana tu. Oili inavuja, kutu inaanzia chini ya milango, na umeme ni wa Lucas, kampuni ambayo Waingereza wenyewe waliibatiza jina la mwana mfalme wa giza. Zile za mwanzo eti zina betri mbili za volti 6 zimefichwa nyuma ya viti, sijui nani alikaa akaona hilo ni wazo zuri. Lakini spea zipo, tena British Motor Heritage walianza mwaka 1988 kutoa bodi mpya kabisa kwa kutumia mitambo ileile ya zamani, gari imeshaacha kuundwa miaka nane halafu bodi mpya inatoka!

Najua kuna atakayesema chukua Mazda MX-5 ya 1989, walijifunza kwa Lotus Elan wakatoa gari inayowaka kila asubuhi. Kweli kabisa, mwenye haraka ya kufika achukue hiyo.

Kitu pekee nisichowasamehe ni yale mabampa meusi ya 1974, ya kutii sheria za Marekani, maana soko lao kubwa lilikuwa kule. Wakaiinua na bodi juu, kona ikawa inalala kama boti. Ndo maana zile za kabla yake zenye bampa za kromu bei iko juu, na wengi wenye nyeusi wanang'oa, wanarudishia kromu na kuishusha chini. Hata mimi ningeanza na hilo kabla ya kugusa rangi.